Mafiga ya Bibi Uwanjani

Mpira wa besiboli ukiingia kwenye glavu ya ngozi hutoa mlio mkavu, mmoja tu, kama donge la unga wa chapati lililobamizwa ubaoni. Kwenye redio mlio huo huwa mdogo sana, umefunikwa na sauti ya mtangazaji na mvumo wa watu. Mimi niliusikia waziwazi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa Machi, katika uwanja mdogo wa Florida ulionuka nyasi zilizokatwa asubuhi na vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa chini ya ngazi. Tulikuwa tumetoka Minneapolis, ambako siku tuliyoondoka marundo ya theluji ya kando ya barabara yalikuwa yameshakuwa meusi kama masizi, na Baba alivuta mlango wa gari mpaka akakaribia kuanguka, kwa jinsi ulivyokuwa umegandishwa na barafu. Sasa tulikuwa tumekaa juani, miguu yetu imevimba kwa safari. Mlio ukaja: pa. Kimya. Kisha pa, tena. Nikamtazama Bibi, kwa sababu yeye ndiye tuliyemleta. Alikuwa ameinamisha kichwa, koti lake la baridi limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni katika joto lile, na sikuweza kujua kama anasikia au ameshaondoka tena, kama alivyokuwa ameondoka majira yote ya baridi.

Lazima nianze na nyumba yetu ya mtaa wa Phillips, Minneapolis, maana huko ndiko besiboli ilikotukuta. Ilikuwa nyumba ya mbao, kuukuu, imegawanywa mara mbili: sisi juu, na chini mzee mmoja mzungu aliyeitwa Arne, dereva mstaafu wa mabasi ya mji. Sisi tulimwita Papa Arne, kwa kuwa kwetu mtu wa umri ule haitwi jina tupu. Baraza ya mbele ilikuwa yetu sote. Majira ya joto, baada ya kula, Papa Arne alitoka na kiti chake na redio yake ndogo yenye antena iliyofungwa kwa plasta, akafungulia mechi ya timu ya mji. Bibi alitoka na kiti chake pia, kwanza kwa ajili ya upepo tu, kwa kuwa juu kulikuwa na joto la tanuri. Alikuwa hajui Kiingereza, na Papa Arne hakujua neno la Kiswahili isipokuwa hilo moja, Bibi, ambalo alilivuta mwishoni kama mtu anayeita paka. Hata hivyo walizungumza jioni nzima, huyu kwa lugha yake na yule kwa lugha yake, na walipokosana walikosana sawasawa. Mimi nilikaa kwenye ngazi, nikikuna miguu iliyoumwa na mbu, nikisikiliza wote wawili bila kusema neno.

Siku moja Papa Arne alitaka kumwonyesha uwanja ulivyo. Akaokota mawe matatu kwenye bustani, akayapanga sakafuni, kisha akavua kiatu chake kimoja akakiweka mahali pa nne, akaanza kuzungusha kidole: mpigaji anapiga, anakimbia jiwe la kwanza, la pili, la tatu, anarudi kwenye kiatu. Bibi aliyatazama mawe, macho yake yakiwa bado mazima, akapiga makofi. Akasema hayo ni mafiga, huyu mzee amewasha jiko, ila chungu amekisahau. Tangu siku ile mchezo wote ukahamia jikoni. Vituo vya kukimbilia vikawa mafiga. Kiatu kikawa chungu. Gongo la kupigia likawa mwiko. Mpigaji akirudi salama, Bibi alisema amefika chunguni, na hapo timu ilikuwa imekula, yaani imepata pointi. Hakuelewa maneno ya mtangazaji, lakini alielewa koo lake. Sauti ikianza kupanda kidogokidogo, Bibi aliacha kuchambua maharage, akainua kidole kimoja, na watu wa kwenye redio walipolipuka alisema tu, "Amepata mwiko," yaani mpigaji ameupiga mpira sawasawa. Mara nyingi alikuwa sahihi. Papa Arne alimwangalia kwa heshima kama ile mtu anayompa fundi mwenzake.

Kisha macho yakaanza kumwisha. Ilikuwa presha ya macho, daktari alisema, ya siku nyingi, tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma ambako hakuna aliyeipima, na kilichokwenda hakirudi. Kufikia Novemba Bibi aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Hakulia. Alifanya jambo lililotutisha zaidi: alinyamaza. Yeye ambaye alikuwa akimtania kila mtu, hata mchungaji, aliketi pembeni ya kitanda akiwa amevaa koti kama mtu anayesubiri kuitwa stesheni. Alikataa kwenda kanisani kwa sababu ingebidi ashikwe mkono kwenye barafu. "Mimi si mzigo wa kupakuliwa," alisema. Mama, ambaye alitunza wazee kazini kwake, alijua maana ya mzee anayeacha kuvua koti, nikamsikia akimwambia Baba kwamba amewaona wengi wa namna hiyo, na kwamba wakishaondoka hivyo, kuwarudisha ni kazi. Neno hilo, kuwarudisha, sikulisahau. Nilikuwa na jina la Bibi, Sifa. Yeye aliniita wajina. Nilihisi kama vile nusu ya jina langu imekaa kitandani na koti.

Papa Arne alikuwa akienda Florida kila mwisho wa baridi, kwa dada yake. Huko ndiko timu ya mji wetu ilikojinoa kabla ya msimu, kwa kuwa kwetu uwanja ulikuwa bado chini ya theluji. Walifanya mazoezi asubuhi na mchana wakacheza mechi ambazo hazihesabiwi popote. Alipopanda kutuaga mwaka ule, alisimama mlangoni mwa chumba cha Bibi na kofia yake mkononi, akaongea muda mrefu. Baba alimfasiria: anasema uwanja wa kule ni mdogo, unakaa karibu mpaka unasikia mpira wenyewe, siyo redio. Anasema mtu hahitaji macho kule. Bibi alijibu kwamba wapewe salamu. Lakini Baba alikuwa na mdogo wake aliyehamia upande huohuo, mkewe alikuwa amejifungua, na shule ilikuwa inakaribia kufungwa kwa wiki moja. Akaomba ruhusa hotelini kule Bloomington alikokuwa akiendesha basi la wageni wa uwanja wa ndege, kisha akamwambia Bibi kwamba mjukuu mpya anamsubiri ambariki. Bibi hakuwa mjinga. Alisema, "Nakwenda kwa ajili ya mtoto. Huo mpira ni wenu." Mama alibaki na wadogo zangu na zamu zake. Tukaondoka watatu.

Hapa niseme juu ya Baba, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Baba alikuwa mkalimani wa kanisa letu. Tuliazima ukumbi wa chini wa kanisa la wazungu, Jumapili mchana, wenyewe wakishakunywa kahawa yao na kwenda, na mara kwa mara mgeni alihubiri kwa Kiingereza. Baba alisimama nusu hatua nyuma yake. Watu wasiotoka kwetu hudhani mkalimani ni wa maneno tu. Kwetu mkalimani anachukua mwili mzima: mhubiri akinyanyua mkono, na yeye ananyanyua, akinong'ona, ananong'ona, akipiga magoti, wanapiga wote wawili. Mgeni mmoja aliwahi kuruka, Baba naye akaruka, kiatu kikamtoka kikaenda hadi kwa waimbaji, na hakuacha sentensi hata moja ianguke. Nilimjua Baba wa nyumbani, mtu mpole anayelala mbele ya televisheni, na Baba yule wa mimbarani, na nilishangaa wanakutana wapi.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Shuleni walimu waliandika kwamba ni mtoto mzuri ila ajaribu kushiriki. Kwa Kiswahili hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikisikia chote, hata cha mafumbo, lakini nikijibu, nilijibu Kiingereza. Nilipokuwa mdogo nilisema kitu kwenye harusi, mama mmoja akacheka, meza nzima ikacheka, nikafunga duka. Hawakuwa na ubaya, najua. Bibi, mzaliwa wa Uvira, Kongo, alinitania kwa hilo miaka yote: "Wajina, masikio yako ni ya Uvira kabisa. Mdomo wako ndio uliopotea uwanja wa ndege." Nilicheka, nikamjibu kwa Kiingereza, na yeye akanijibu kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya na Papa Arne. Baridi ile aliacha hata kunitania. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeukosa utani huo.

Safari ilikuwa ndefu. Gari lilinuka dagaa wa kukaanga na ugali uliofungwa kwenye karatasi ya alumini, na mafuta ya nazi ya Bibi. Tulifunga vioo mpaka barafu ilipoisha kandokando ya barabara, kisha tukavifungua kidogo, na kadiri tulivyoshuka kusini hewa ilizidi kuwa nene na laini, ikaanza kunuka udongo. Baba alivuta pumzi akasema, "Mama, unasikia? Kama kwetu." Bibi akasema kwetu kuna ziwa. Kwa baba mdogo tulipokewa kwa nyimbo. Bibi alimbeba mtoto, akambariki kwa maneno machache, akamrudisha, akauliza kiti kiko wapi. Hata kule, ndani ya nyumba ya joto, hakuvua koti. Mke wa baba mdogo alimsihi, akajibiwa kwamba koti halijamlalamikia mtu.

Siku ya mechi Papa Arne alitusubiri langoni, shingo imeshaungua na jua, amevaa kaptula ambayo sijawahi kumwona nayo na natamani nisingemwona. Alifurahi kupita kiasi. Alitupitisha kwanza nyuma, ambako kuna viwanja vingine vya mazoezi, na vijana wenye namba kubwa mgongoni na majina yasiyojulikana na mtu wanarushiana mipira nyuma ya uzio wa waya. Bibi hakutaka kushikwa mkono. Aliweka kiganja begani kwangu, kwa uzito, akatembea hivyo, na mimi nilijikaza nisilegeze bega hata pale kamba ya kiatu ilipofunguka. Watu walitutazama: mzee mwekundu, Baba mwenye suti, kwa kuwa hakuona nguo nyingine ifaayo kumpeleka mama yake mahali pa watu, msichana aliyeinamisha uso, na bibi wa Kikongo aliyevaa kitenge chini na koti la theluji juu. Tulikaa safu za karibu, upande wa figa la kwanza. Papa Arne akatoa redio mfukoni, ileile ya plasta, akaivuta antena. Akazungusha. Mkwaruzo. Akazungusha tena. Kisha nikaona uso wake ukishuka. Mechi ya siku ile haikuwa inatangazwa. Nyingi za kule hazitangazwi, na kwa furaha yake alikuwa hakukumbuka.

Ndipo nilipoelewa shida ilivyo. Bibi hakuwahi kuhitaji kuona besiboli. Alihitaji koo la mtangazaji na mvumo wa watu. Na watu wa mechi isiyohesabiwa hawavumi. Wamekaa, wanakula karanga, wanaongea habari za magoti yao na za wajukuu, na mpigaji akipata mwiko wanapiga makofi mawili matatu na kurudi kwenye mazungumzo. Bibi aligeuza kichwa huku na huku. "Hawa wamekuja kulala?" aliuliza. Baba akamsogelea, akajikohoza, na kuanza kazi anayoijua. Papa Arne alisema kitu, Baba akakifasiri. Lakini Baba hakuupenda wala kuufahamu mchezo ule. Jioni za baraza yeye alikuwa kazini. Akasema, kwa sauti yake ya Jumapili, akiyafasiri maneno ya mchezo neno kwa neno, kwamba mtu amepewa njia, na sasa anatembea kwa amani. Akasema kwamba mwingine amejitoa sadaka kwa ajili ya ndugu yake. Akasema kuna mmoja ameiba. Bibi aliuliza ameiba nini. Baba alimtazama Papa Arne, akanitazama mimi, akasema hilo halijawekwa wazi.

"Mwanangu, unanihubiria," Bibi alisema. Hakusema kwa hasira. Aliinua mkono kama mtu anayefunga mlango polepole, akautuliza mapajani. Pa, glavu ikalia. Pa. Baada ya muda akasema, kwa sauti tuliyokuwa tumeisikia majira yote ya baridi, sauti isiyokuwa na mtu ndani yake, "Nirudisheni kwenye gari." Baba alisema, Mama, ngoja kidogo. "Nimesikia upepo, nimesikia watu wanatafuna. Inatosha. Nirudisheni." Papa Arne hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili kama ndege aliyekufa. Na mimi nilijua, kama nilivyojua jina langu, kwamba akiingia kwenye gari lile na koti lile, tutamrudisha Minneapolis akiwa vilevile, na majira ya joto yatakuja na kiti chake hakitatoka nje. Katika watu wote waliokaa pale, ni mmoja tu aliyejua mchezo na kujua Kiswahili na kujua mafiga. Mtu huyo alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilisema, "Bibi, kuna mtu kwenye figa la pili."

Niseme kweli, nilisema chini sana. Sentensi yenyewe ilitoka imepinda, sijui niliweka wapi mkazo. Bibi hakujitikisa. Nikadhani hakusikia, na nusu yangu ilishukuru. Kisha akasema, bila kugeuka, "Sema kwa nguvu, wajina. Mimi ni kipofu, si mchawi."

Basi nikasimama. Sikuamua kusimama; miguu ilifanya kile ilichoona kikifanywa kila Jumapili. Nikajiweka nusu hatua nyuma ya Papa Arne. Naye akaelewa, akaanza kusema polepole, kwa kifupi, kama mtangazaji wa redio: mrushaji anatikisa kichwa, anakataa ishara ya mdakaji. Nikatikisa kichwa, nikasema, mrushaji anakataa, Bibi, hataki. Sasa amekubali. Anainua mguu. Nikainua mguu. Mpira umepita, mpigaji ameukosa, mwiko umekoroga hewa tupu. Bibi akasema, "Hm." Papa Arne akanyoosha mkono, nikanyoosha. Sauti yangu ilipanda yenyewe, na niliposikia inapanda nikakumbuka kwamba hicho ndicho Bibi anachokisikiliza, koo, nikaiacha ipande. Mbele yetu mume na mke wazee wa kizungu waligeuka. Nilingoja waniambie ninyamaze. Yule mama alisogeza kofia yake ya jua pembeni ili Bibi asizuiliwe chochote, ingawa hakukuwa na cha kumzuilia, akageuka mbele.

Safu mbili nyuma, sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiswahili, "Mtangazaji, ongeza sauti kidogo, hata sisi huku tunafuata." Nusura nikae. Alikuwa Mkenya, nesi wa Woodbury, kitongoji cha karibu na Minneapolis, tuliyekuja kumjua baadaye, amekuja likizo na mwanawe mdogo, wote wamevaa kofia za timu. "Lakini niulize tu," akasema, "hayo mafiga yametoka wapi?"

Bibi alijibu bila kugeuza kichwa. "Yametoka jikoni. Kwenu mnapikia nini?"

"Gesi, mama."

"Ndiyo maana huelewi."

Watu waliocheka walikuwa wachache, wale wa Kiswahili tu, lakini Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa tai. Alikuwa amemsikia mama yake akimtania mtu. Aliuweka mkono wake mgongoni kwangu, akausukuma kidogo, kama anavyosukumwa mtoto anayeogopa kuingia majini, akauacha.

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye namba tisini na moja, mwembamba, bila jina mgongoni. Alipiga mpira ukaenda mbali kulia, nikamkimbiza kwa mdomo: ameacha mwiko, anakimbia, amekanyaga figa la kwanza, hasimami, Bibi, hasimami, figa la pili, amesimama, anapangusa suruali. Bibi alikuwa ameinua kidole. Kile kidole cha barazani. Kisha mwingine akapiga mpira mfupi kwenda kushoto, na namba tisini na moja akaondoka. Papa Arne aliacha kabisa kunong'ona, akawa anapiga kelele kwa Kiingereza, na mimi kwa Kiswahili, wote wawili tumenyoosha mkono mmoja. Amepita figa la tatu. Anakwenda chunguni. Mpira nao unakuja, unakuja juu, anajirusha, vumbi, Bibi, vumbi tupu, sioni. Mdakaji alikuwa amemgusa na glavu. Mwamuzi akafunga ngumi. Kwa muda mfupi sana nilitamani kumwambia Bibi kwamba amefika, nani angejua? Lakini mkalimani haongezi chumvi, hata kwa mgonjwa. "Ametolewa," nilisema. "Bado kidogo tu, Bibi. Vidole vyake vilikuwa karibu na chungu."

"Ameangukia mlangoni mwa jiko?"

"Mlangoni kabisa."

"Alikimbia vizuri?"

"Vizuri sana."

Bibi akavuta pumzi. "Bon, haya," akasema. "Kesho atakula." Kisha mikono yake ikaenda kidevuni, ikatafuta kifungo cha kwanza cha koti, ikakifungua, na cha pili, na cha tatu, akalivua koti lote akaninyooshea nilishike, akasema jua la huku halina adabu. Baba alisimama ghafla, akasema anakwenda kununua maji, na hakurudi na maji.

Mechi ilipokwisha Papa Arne alitupeleka kwenye uzio ambako wachezaji husimama kusaini mipira ya watoto. Namba tisini na moja alikuwa hapo, na hakuna mtoto aliyemtaka, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Goti lake lilikuwa na mchubuko. Bibi aliniambia nimwombe ampe mwiko aushike. Nikamwambia kwa Kiingereza, akatabasamu kwa haya: Kiingereza chake kilikuwa kidogo, alikuwa amelelewa kwa Kihispania, alikuwa ametoka mbali kama sisi. Nikaonyesha kwa mikono. Akampa gongo. Bibi alilipima uzito, akalipitisha kiganja toka mwanzo hadi mwisho, akasema mwiko huu ungesonga ugali wa harusi. Kisha akatafuta uso wa yule kijana kwa vidole, akamgonga shavuni kidogo, kama anavyotugonga sisi, akamwambia ale vizuri. Yule kijana hakuelewa neno. Aliinamisha kichwa akalisema neno moja la lugha yake, na Papa Arne aliniambia njiani kwamba maana yake ndiyo hiyohiyo, bibi. Sijui kama aliwahi kufika kwenye timu kubwa. Nimemtafuta kwa miaka na sikujua jina la kutafuta.

Niliporudi Minneapolis sikugeuka kuwa msemaji. Walimu waliendelea kuandika yaleyale. Lakini majira yale ya joto, kila jioni ya mechi, kiti cha Bibi kilitoka, na mimi nilipanda kutoka kwenye ngazi nikakaa katikati ya viti viwili, nikaifasiri redio. Niliposema vibaya Bibi alinisahihisha, na nikajifunza kwamba kusahihishwa hakumuui mtu. Alirudi kanisani kabla ya barafu ya mwaka uliofuata, kiganja chake begani kwangu.

Sasa nina miaka kumi na minane na mambo yamehama. Tunaishi Woodbury, nyumba mpya isiyo na baraza. Bibi huketi ndani ya gereji mlango ukiwa wazi, anasema magari yanamsalimu. Haoni hata mwanga. Nyumba ya Phillips iliuzwa, imepakwa rangi, na nikipita naona wapangaji wapya wameweka baiskeli pale palipokuwa na mawe. Papa Arne yuko kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Mama. Siku hizi anasahau, mara nyingine ananiita kwa jina la dada yake, lakini redio ya plasta iko dirishani kwake. Jumamosi tunampeleka Bibi kwake, nami nafasiri, ingawa Papa Arne husinzia mapema. Baada ya majira haya ya joto ninakwenda chuoni, mbali. Nilikuwa na wasiwasi nani atakaa katikati ya viti vile. Niliwahi kuuandika wasiwasi huo kurasa nyingi, maana kuandika bado ndiko kunakonifaa zaidi ya kusema.

Jumamosi iliyopita Baba alitangulia kumpeleka Bibi, mimi nikachelewa kwa mtihani. Nilipofika kwenye korido nilisikia redio, na juu ya redio sauti ya Bibi, inapanda. Nikasimama mlangoni. Papa Arne alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumba nusu, anaitikia kwa kichwa neno asilolijua. Bibi alikuwa amemgeukia, mkono mmoja umenyooshwa mbele kama wa Baba mimbarani, kidole kimoja juu, anamfasiria koo la mtangazaji kwa Kiswahili. "Amepita figa la tatu, Papa Arne. Usilale. Anakuja chunguni, anakuja." Watu wa redioni wakalipuka. Mkono wake ukashuka polepole juu ya mkono wa yule mzee, ukatulia hapo. Nadhani nilivuta pumzi, kwa kuwa alisema, bila kugeuza kichwa, "Wajina, usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia. Tumeshakula."